Kijani Mkononi mwa Bi Pindo

Tajiri wa barakoa amewaambia watu kwamba mke wangu alikufa kwa uzee. Mwongo. Uzee ninao mimi, na bado natembea. Mke wangu alikufa kwa kifua kikuu, na alikipata ndani ya chumba cha kushonea cha huyo Tajiri, mwaka ule wa korona, madirisha yakiwa yamezibwa. Naandika ili ijulikane alikuwa nani na nini kilimwondoa. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, tukiwa tayari na mtoto. Kwa hiyo sitasema mengi.

Alikuwa fundi cherehani. Walimwita Bi Pindo, na jina hilo alipewa na wateja. Mafundi wengi pindo la sketi hulishona mwisho, haraka haraka, mawazo yameshafika nyumbani. Yeye alilifikiria pindo kabla hajashika mkasi. Aliacha kitambaa cha kutosha kwa ndani, ili msichana akirefuka, sketi ishushwe. Mtaani kwetu kuna sketi za shule zilizovaliwa na dada mkubwa, zikashushwa, zikavaliwa na mdogo wake, zikapandishwa tena. Wenye maduka ya nguo hawakumpenda. Alikuwa anawanyima biashara.

Mimi nilikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Nilimpelekea suruali iliyochanika magoti. Akaiinua juu, akanitazama kupitia matundu.

"Kaka, hii ni suruali au chujio?"

Wiki iliyofuata nikapeleka nyingine. Ile ilikuwa nzima, nikaichana mwenyewe kwa kisu ili nipate sababu ya kurudi. Akapitisha kidole kwenye mchano.

"Panya wa kwenu anatumia mkasi?"

Ndivyo tulivyooana. Mdomo wake haukupumzika hadi siku za mwisho, na mimi sikutaka upumzike. Tulijaliwa binti mmoja. Yupo, ameachika, amerudi nyumbani. Ndiye anayenipikia na ndiye anayenigombeza.

Macho ya mke wangu yalipoanza kufifia, wateja wa nyumbani nao walipungua. Mitumba ilikuwa imewachukua. Akaenda kuajiriwa kwa Tajiri, nyuma ya duka la mabati. Chumba kimoja kirefu, cherehani zimepangwa mbili mbili zikitazamana, meza ya kukatia mwisho kabisa, madirisha mawili upande wa uchochoroni. Walishona sare za shule. Mbele yake alikaa dada mmoja mwenye watoto mapacha wanaonyonya, tukimwita Mama Mapacha. Miguu yao ilikuwa ikigongana chini ya meza. Mke wangu alimpenda. Alimtukana kila siku.

"Wewe unashona kama unafukuzwa na mbwa."

"Shangazi, nikishona kama wewe, wanangu wataoa sijamaliza shati."

Kisha amri zikaja, zote kwa mkupuo. Shule zikafungwa, kwa hiyo sare hazikutakiwa. Watu wasikusanyike. Watu wakae ndani. Kila mlango uwe na ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni. Kila uso uwe na barakoa.

Nitasema kweli hata pale inaponichoma. Zile ndoo zilifaa. Kila msimu wa mvua watoto wa mtaa wetu walikuwa wakihara, na kila mwaka tulizika mmoja au wawili. Mwaka ule hatukuzika hata mmoja. Mafua sikuyapata, mimi ambaye kamasi ni ndugu yangu. Barakoa nazo sina neno nazo. Nina neno na mahali zilipokuwa zinashonwa.

Maana Tajiri alipata kazi ya barakoa, maelfu kwa maelfu, na alitaka mafundi wake wote ndani ya chumba kimoja. Askari wa doria walikuwa wanapita uchochoroni kutazama nani amekusanya watu. Tajiri akaziba madirisha kwa makaratasi ya maboksi, akapigilia mablanketi juu yake, ili mwanga usitoke na mlio wa cherehani usisikike. Mafundi waliingia mmoja mmoja, kama wezi. Mlango ukafungwa. Humo ndani wakashona vitu vya kuwakinga watu wasiambukizane.

Wenyewe barakoa hawakuvaa. Kwa joto lile usingeweza.

Mkataji wa vitambaa alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayekohoa. Kabla ya korona alikuwa anameza dawa za kifua kikuu kutoka kliniki ya kifua. Mafundi hawakujua, nami nilikuja kujua baadaye sana. Kliniki ilipogeuzwa kuwa wodi ya korona, wagonjwa wake waliambiwa wakachukue dawa hospitali nyingine, mbali, na magari hayakuwa yakitembea. Akakaa bila dawa. Akaendelea kukata vitambaa na kukohoa. Yeye simlaumu. Alifungiwa mlango.

Sasa nieleze ile kijani.

Watu wa afya walikuwa wamepiga hema kiwanjani. Wanakuingiza kijiti puani, kesho yake wanakwambia unayo au huna. Tajiri aliogopa mfanyakazi mmoja akikutwa nayo, chumba kizima kitafungwa na kazi itapotea. Akaweka sheria. Kila fundi apime, na akiambiwa hana, ashonewe kipande cha kitambaa cha kijani kwenye mkono wa kushoto wa nguo. Bila kijani huingii. Vile vipande alivishona mke wangu. Alivipinda ncha zote nne, kwa mshono usioonekana, kana kwamba vinakwenda kwenye gauni la bibi harusi.

Ndani ya chumba kile, mwenye kijani alikohoa apendavyo. Nani amuulize? Amepimwa, hana. Kikohozi kikawa cha vumbi la pamba. Mkataji alikuwa na kijani. Alikohoa juu ya kila mtu, na kila mtu akamwonea huruma ya vumbi.

Nyumbani nasi tulishangilia. Nje mtu akikohoa, watu walimkimbia kama moto. Mke wangu alipoanza kukohoa, jirani wa mlango wa pili alifunga mlango wake kwa kishindo. Mke wangu akasimama uani, akainua mkono.

"Angalia mkono wangu, halafu ufunge na mdomo, si mlango tu!"

Jirani akachungulia. Akaona kijani. "Samahani, Bi Pindo. Ni vumbi, eh?"

"Ni vumbi la kwenu unalolifagilia kwangu."

Tukacheka. Binti yetu alicheka mpaka akakaa chini.

Kikohozi hakikwisha. Jasho likawa linamtoka alalapo, shuka unaikamua. Chakula akakisogeza. Nguo zake zikaanza kumlegea, naye akazipunguza kiunoni kwenye cherehani ya nyumbani. Baada ya muda akazipunguza tena. Mimi nilimwona akizipunguza mara ya tatu, amebana pini mdomoni, nikamwambia twende hema.

Tulikwenda. Hana. Tukarudi baadaye. Hana. Safari iliyofuata yule kijana wa hemani alitutambua kwa mbali, akaanza kutikisa kichwa hatujafika.

"Bibi, wewe umeshapimwa mpaka kijiti kinakujua. Huna. Nenda nyumbani ukanywe maji ya moto."

Nikamuuliza, "Hana nini?"

"Hana korona, mzee."

"Basi ana nini?"

"Hilo si la hema hili."

"La hema gani?"

Akaita, "Anayefuata!"

Lile jibu ninalo mpaka leo. Mahema mengine hayakuwepo. Nchi nzima ilikuwa na ugonjwa mmoja, na kama huna huo, wewe ni mzima.

Tukaenda kliniki ya kifua. Geti lina mnyororo. Mlinzi kavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, za Tajiri zote mbili, niliujua mshono.

"Hii sasa ni wodi ya korona, mzee. Unataka kumwingiza mkeo humu?"

"Wa kifua wanatibiwa wapi?"

"Waliambiwa wasubiri."

"Kifua kinasubiri?"

"Usinigombeze mimi. Mimi nafunga geti."

Mke wangu akamwambia, "Hata mbuzi anaweza kufunga geti, mwanangu." Alisema huku ameshika mnyororo asianguke. Hakuacha kazi. Kesho yake alirudi kwa Tajiri, kijani mkononi, akakaa mbele ya Mama Mapacha, akakohoa.

Amri zilipolegea kidogo, wale wa kifua walipewa dirisha dogo nyuma ya jengo. Tulikuta muuguzi mmoja, mama wa makamo, anafanya kazi ya watu wengi. Hakuuliza habari za kijani. Alimtazama mke wangu shingoni, pale mifupa ilipotokeza, akampa kikopo.

"Mama, kohoa kutoka chini kabisa. Sitaki mate, nataka makohozi."

Majibu yalichelewa. Mashine ya kupimia makohozi ilikuwa imechukuliwa ipime korona, na ya kifua yalisubiri zamu. Mke wangu hakuisubiri. Alikufa asubuhi, binti yetu akimshikilia, mimi nikiwa bombani nachota maji. Nilirudi na ndoo mkononi. Sitasema zaidi hapo.

Tajiri alikuja msibani. Alivaa vizuri. Alikaa karibu nami akanishika goti.

"Pole, mzee wangu. Tumempoteza mama. Ila tushukuru, alikwenda msafi. Alipimwa, hakuwa nayo. Ni umri tu."

Watu waliokuwepo wakaitikia, ni umri tu. Mke wangu alikuwa mdogo kwangu.

Wiki iliyofuata muuguzi akaniita. Alinikalisha kwenye benchi nje ya lile dirisha. Akaniambia ni kifua kikuu, kimeandikwa wazi. Kisha akaniuliza kwa ukali, kama mimi ndiye mkosaji.

"Baba, alikuwa anakaa na nani chumba kimoja?"

"Mimi na binti yetu."

"Nyinyi nitawapima leo. Na kazini?"

Nikamweleza chumba. Nikamweleza mablanketi. Nikamweleza ile kijani. Akaweka kalamu chini.

"Unajua mwaka jana wakubwa wetu walitupongeza? Wagonjwa wa kifua kikuu wamepungua! Walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, najiuliza, wamepungua wameenda wapi? Kuhara kumepungua, naam, watoto wananawa mikono. Mafua yamepungua, watu wamekaa kwao. Lakini kifua kikuu hakiendi kwa kunawa mikono. Hatukuwaona kwa sababu tulifunga geti. Walikuwa majumbani, wanakohoa kwenye vyumba vilivyofungwa, na wanawapa wengine. Sasa ndio wanaanza kuja, na wanakuja wakiwa mifupa."

"Aliyekaa mbele yake ana mapacha wanaonyonya," nikasema.

"Anakohoa?"

"Alikuja msibani. Alikohoa."

"Mlete. Watoto wadogo hawasubiri. Kwao kinapanda mpaka kwenye ubongo. Mlete, baba, mimi siwezi kuacha dirisha."

Hapo nikajua nina kazi moja tu iliyobaki.

Binti yangu alipinga. Sisi wawili tulikuwa tumepimwa, hatukuwa nacho, na kwake shauri lilikuwa limekwisha.

"Baba, ukienda kusema kule, mtaa mzima utajua mama alikuwa na kifua kikuu. Watasema nyumba yetu ni ya kifua. Hakuna atakayenunua maandazi yangu."

"Basi uyale mwenyewe."

"Baba!"

"Wale mapacha wana makosa gani?"

"Si wanangu."

Nilimtazama. Akainama. Alijua mama yake angemjibu nini.

Nikaenda. Tajiri mwenyewe alifungua mlango, nusu. Hewa iliyotoka humo ilikuwa nzito, ina jasho na mafuta ya mashine. Mablanketi yalikuwa bado pale. Doria hawakupita tena, ila Tajiri alikuwa amezoea.

"Mzee wangu, karibu. Kuna vitu vya marehemu umefuata?"

"Nimefuata watu. Mke wangu alikufa kwa kifua kikuu. Waliokaa naye wapimwe. Na ubandue hizo takataka dirishani."

Akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Punguza sauti. Nani amekwambia?"

"Muuguzi."

"Hawa wauguzi! Jana korona, leo kifua kikuu, kesho watasema tauni. Mafundi wangu wote wamepimwa, wana kijani. Unataka kunimwagia unga wangu kwa sababu una uchungu?"

"Ndiyo, nina uchungu."

"Basi kaa nao nyumbani."

Nikapaza sauti, nikamwita Mama Mapacha. Cherehani zikanyamaza. Alikuja mlangoni, kipande cha barakoa bado mkononi. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Nilikuwa nimeyaona mashavu hayo nyumbani kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Acha kazi, twende ukapimwe kifua."

Akamtazama Tajiri. Kisha akanionyesha mkono wake, kijani, mshono wa mke wangu.

"Mimi nimepimwa, mjomba."

"Hiyo ni ya korona."

"Basi sina."

"Na yeye hakuwa nayo. Nimemzika."

Akarudi nyuma hatua moja. Hofu ilimpanda usoni ikageuka hasira hapo hapo.

"Unataka nifukuzwe? Baba yao alikimbia. Niacheni nyinyi wazee na mambo yenu, mimi nina midomo miwili inaninyonya!"

"Ndiyo sababu nimekuja."

"Nenda, mjomba. Nenda kabla sijakukosea adabu."

Tajiri akanisukuma kifuani. Kidogo, kwa viganja, kama unavyosukuma toroli. Nimebeba magunia maisha yangu yote, sikuanguka. Ila nilikasirika.

Mbele ya duka la mabati kuna njia ya kwenda sokoni, na saa ile watu walikuwa wengi. Nikasimama katikati. Sijawahi kupiga kelele mtaani, hata nilipokuwa kijana. Siku hiyo nilipiga.

"Nyuma ya duka hili kuna chumba kimezibwa madirisha! Bi Pindo alifanya kazi humo, mnamjua! Amekufa kwa kifua kikuu! Aliyekaa mbele yake anakohoa, ana watoto wachanga, na Tajiri hataki apimwe! Barakoa mlizovaa zimetoka humo!"

Watu walisimama. Mmoja akavua barakoa akaitazama. Mwingine akacheka, "Mzee ameshikwa na uchungu." Lakini mama mwenye nyumba aliyempangisha Mama Mapacha alikuwa pale, ana kikapu cha vitunguu. Yeye hakucheka.

Jioni ile ile Tajiri alimtoa Mama Mapacha kazini. Alisema, wateja wameuliza. Mama mwenye nyumba naye akamwambia alete uthibitisho kwamba hana, au atafute chumba kingine.

Asubuhi alikuja kwangu. Mtoto mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Hakusalimia. Alisimama uani na kupiga kelele, jirani wa mlango wa pili akatoka kusikiliza vizuri.

"Umefurahi, mzee? Kazi sina, chumba nafukuzwa! Mke wako aliniita mwanangu, wewe umenivua nguo barabarani! Sasa nakwenda huko kwa muuguzi wako. Nikirudi na karatasi kwamba sina, nitakuja kukubandika nayo hapo kwenye kipaji cha uso, mtaa mzima wakiona!"

"Njoo unibandike," nikamwambia. "Nitasimama hapa hapa."

"Mwanga mkubwa wewe!"

"Nenda. Dirisha ni la nyuma."

Binti yangu alikuwa mlangoni, analia. Nilidhani anamlilia mama yake. Akafuta uso, akachukua mtoto mmoja, akaenda naye. Hakuniaga.

Nilikaa uani mpaka mchana. Nilitaka sana arudi na ile karatasi. Naapa. Nilikwisha kupaweka tayari mahali pa kubandikwa.

Binti alirudi peke yake.

"Anacho," akasema. "Ameanza dawa leo leo. Mtoto mmoja wamemwanzishia ya kutibu, mwingine ya kukinga."

"Amesema nini?"

"Amesema asikuone."

Baadaye mafundi wengine walikwenda, kwa kujificha, mmoja mmoja, kama walivyokuwa wakiingia kazini. Mmoja wao alikutwa nacho. Mkataji hawakumpata. Alikwisha kuondoka, wanasema alikwenda kwao. Tajiri amebandua mablanketi. Akiulizwa, anasema ni joto. Tukikutana njiani ananitemea mate pembeni, nami namwangalia mpaka apite. Sijamsamehe na hajaniomba.

Maandazi ya binti yangu hayanunuliwi kama zamani. Hilo alilisema, likawa. Jirani wa mlango wa pili amehamisha kamba yake ya nguo mbali na yetu.

Mama Mapacha alipata chumba mtaa wa pili. Anashona nyumbani, dirisha wazi, namsikia nikipita. Watoto wanatembea sasa. Juzi nilikutana nao kwenye kona ya dukani, uso kwa uso, pa kukwepa hapakuwepo. Mmoja alinishika suruali. Mama yake akamvuta mkono kwa nguvu, akanipa kisogo, akaenda zake bila shikamoo.

Nilimtazama akiondoka. Amenenepa. Gauni linambana mabegani, itabidi aliachie mishono.